Fungu la michezo kwenye ruzuku ya shule za msingi linachezewa uwanja gani?

#1 Mzazi wa Isyesye
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule, shule moja ya msingi hapa Mbeya mjini. Jina naliacha, sijaja kumchongea mtu. Jumatatu tulikuwa na kikao. Wenzangu wakichelewa kama kawaida, nikasimama kwenye ubao wa matangazo kusoma karatasi ya mapato na matumizi ya ruzuku ya robo. Kuna mstari umeandikwa MICHEZO: 84,000.

Nikageuka nikaangalia uwanjani. Darasa la nne walikuwa kwenye kipindi cha michezo, na mwanangu yumo. Watoto kama themanini. Wavulana kumi na kitu wanakimbiza mpira wa manailoni uliofungwa kamba za katani. Waliobaki wamekaa kwenye msingi wa darasa, wengine wanasukana nywele. Mwalimu yuko chini ya mti na rundo la madaftari, anasahihisha hisabati.

Swali langu ni dogo: hizo 84,000 zilicheza lini? Na kubwa zaidi: hivi hii ruzuku ya serikali inaweza kweli kuboresha michezo shule za msingi, au tunajidanganya?

#2 Kandambili Mguu Mmoja
Zilicheza ugenini mkuu. Nyumbani hazijawahi kucheza.

#3 Chaki Nyeupe
Mzazi wa Isyesye, mimi ni mwalimu, Rungwe. Ngoja nikupe hesabu kabla watu hawajaanza kusema walimu wezi.

Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Hapo 4,000 zinabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu. Zinazoingia akaunti ya shule ni 6,000. Shule yangu ina watoto 480. Kwa hiyo ni 2,880,000 kwa mwaka, yaani 240,000 kwa mwezi. Hapo toa karatasi na wino wa mitihani, chaki, luku, kitasa cha choo cha wasichana kilichong'olewa kwa mara ya tatu, shajala za ofisi. Kinachofika michezo ni makombo. Mpira mzuri Mwanjelwa nimenunua kwa 35,000, na kwa uwanja wetu wenye changarawe haumalizi muhula.

84,000 kwa robo? Shule yenu ni tajiri.

#4 Mzee wa Samora
Kamwene vijana.

Mnanichekesha. Sisi tulisoma Iringa miaka ya sabini, ruzuku ya michezo hatukuijua. Saa kumi na mbili asubuhi mchakamchaka, nyimbo, vumbi, mguu peku. Goli ni milingoti miwili na mwamba wa mwanzi. Shot put? Jiwe la mtoni. Kuruka juu unaangukia mchanga tuliobeba wenyewe kwa ndoo. Na tulikuwa na wakimbiaji. Leo mnataka pesa ndipo mtoto akimbie? Kukimbia kunauzwa duka gani?

#5 Binti Makambako
Shikamoo mzee. Ila na wewe sema yote. Hao waliokuwa nyuma ya mchakamchaka walisukumwa na fimbo ya mwalimu wa zamu. Mimi nilikuwa na pumu, nilichapwa kila Jumanne kwa "uvivu". Mpaka leo nikisikia ile nyimbo kifua kinabana.

#6 Mzee wa Samora
Marahaba. Hilo la pumu pole sana. Hatukuijua pumu wakati ule, tuliita uvivu kweli.

#7 Likungu la Asubuhi
Chaki Nyeupe, nakuunga mkono, ila kumbuka ruzuku yenyewe ilianza juzi tu 2016 na elimu bila ada. Mfumo bado mchanga, tuupe muda.

#8 Mlingoti Mrefu
Likungu, hapana. Ruzuku ya uanafunzi ilianza na MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, ada ya msingi ilipokuwa imeshafutwa. Ilipangwa iwe sawa na dola 10 kwa mtoto. Wakati huo dola ilikuwa inacheza chini kidogo ya shilingi elfu moja, ndiyo maana ikawa 10,000. Kilichoanza Januari 2016, baada ya Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015, ni pesa kwenda moja kwa moja akaunti ya shule kila mwezi na michango ya lazima kupigwa marufuku.

Sasa piga hesabu. 10,000 ya 2002 na 10,000 ya leo. Dola imevuka 2,400, namba imebaki palepale. Zile dola kumi zimekuwa nne. Mnatafuta mwizi wa fungu la michezo, mwizi ni kalenda.

#9 Kandambili Mguu Mmoja
"Mwizi ni kalenda." Naandika nyuma ya bajaji yangu kesho.

#10 Mnjombe wa Leicester
Habari za nyumbani. Mimi wa Njombe, niko Uingereza. Niliwahi kufanya kazi ya usaidizi kwenye shule ya msingi hapa, kazi yangu kusimamia watoto saa ya chakula, kwa hiyo hili nililiona kwa macho.

Wenzetu baada ya Olimpiki ya London 2012 walianzisha ruzuku maalumu ya elimu ya viungo kwa shule za msingi za England, mwaka 2013. Ilianza na pauni milioni 150 kwa mwaka. 2017 wakaifikisha 320, wakasema nyongeza itatoka kwenye tozo ya vinywaji vyenye sukari. Shule yenye watoto 17 na kuendelea ilikuwa inapata pauni 16,000, halafu pauni 10 kwa kila mtoto wa darasa la kwanza mpaka la sita. Shule ya watoto 200 ilikuwa inapata pauni 18,000.

Masharti ndiyo yalinivutia. Huruhusiwi kujengea. Huruhusiwi kulipia kitu ambacho shule ilitakiwa kukifanya hata bila hiyo pesa. Na lazima mchapishe kwenye tovuti ya shule mlivyotumia na kilichobadilika, pamoja na watoto wangapi wa darasa la sita wanaweza kuogelea mita 25.

#11 Likungu la Asubuhi
Hata tukiweka pauni kwa 3,000 tu, hiyo 18,000 ni milioni 54. Chaki Nyeupe ana milioni mbili na laki nane za kila kitu. Jamani.

#12 Kandambili Mguu Mmoja
Kuogelea mita 25? Huku Kyela watoto wanaogelea mto Kiwira bila ruzuku, kipimo chao ni mamba.

#13 Chaki Nyeupe
Mnjombe, niulize. Hizo pesa ziliwafanya watoto wacheze zaidi au ziliishia kwenye ripoti?

#14 Mnjombe wa Leicester
Swali zuri. Nitasema nilichokiona shule yangu tu. Walikodi kocha wa nje Jumanne na Alhamisi, kijana mzuri, ana filimbi na koni za rangi. Watoto walifurahi. Lakini lengo la ile ruzuku lilikuwa mwalimu wa darasa ajifunze kutoka kwa kocha, ili kocha akiondoka kazi iendelee. Mwalimu akawa anaingia ofisini kunywa chai na kumalizia makaratasi. Siku kocha aliumwa, kipindi kikafutwa. Pesa ipo, kipindi hakuna.

#15 Mzee wa Samora
Ahaa. Kwa hiyo na huko mwalimu yuko chini ya mti na madaftari, ila mti wao una paa.

#16 Mkuu wa Kaya
Nilikuwa napita kimya, ila #15 imenigusa. Mimi ni mwalimu mkuu, mkoa wa Songwe. Nitasema ukweli kwa sababu hapa sina jina.

Mtihani wa darasa la saba una masomo sita. Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili. Michezo haimo. Matokeo yakitoka tunaitwa kwenye kikao cha tathmini, shule zinapangwa kwa ufaulu kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, na wa mwisho anasimama mbele za watu. Kwa miaka tisa ya ukuu sijawahi kuulizwa mtoto wangu wa darasa la tatu anaweza kurusha mpira na kuudaka. Sasa nina 30,000 mkononi. Ninunue mpira au nidurufu mazoezi ya darasa la saba? Mnajua jibu. Hata mkinipa pesa mara tatu, nitadurufu mara tatu.

#17 Mlingoti Mrefu
Mkuu wa Kaya, heshima kwa ukweli. Lakini mtaala umebadilika. Ule ulioanza kwa awamu Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo kuanzia darasa la tatu. Ni somo kamili, lina muhtasari. Huwezi tena kusema michezo ni ya ziada.

#18 Mkuu wa Kaya
Somo lipo mkuu, nakubali, kwenye ratiba limo. Mwalimu wa kulifundisha ndiye sina. Nina walimu saba kwa madarasa tisa ukihesabu na awali na mikondo. Aliyepewa Sanaa na Michezo ni mama mmoja anayestaafu mwakani, magoti yanamsumbua, akiinama kuokota mpira tunamsaidia kuinuka. Mtu wa Malya nimemsikia tu kwenye redio.

#19 Binti Makambako
Malya ni nini?

#20 Mlingoti Mrefu
Chuo cha serikali cha michezo, kiko Kwimba, Mwanza. Kinafundisha walimu na makocha wa michezo. Mbali na huku, ndiyo.

#21 Mama Wawili Tukuyu
Ndaga. Mbona hamsemi mvua? Huku Tukuyu kuanzia Novemba mpaka Mei uwanja ni bwawa. Mimi naona hata mngeleta mipira mia, ingefungiwa stoo miezi saba. Mtoto wangu akirudi na sare yenye tope jekundu, ile haitoki hata kwa jiki, na sare ni ya kwangu kununua, si ya ruzuku. Nilishamwambia asicheze. Najua nimekosea, lakini ana sare moja.

#22 Mwana Makete
Mama Wawili, mvua afadhali. Njoo Matamba mwezi wa sita asubuhi, nyasi nyeupe kwa barafu. Mtoto anavaa sweta mbili na kandambili. Mwalimu akipiga filimbi midomo imekufa ganzi.

Ila nikwambie, sisi kipindi cha michezo kimehamishiwa saa sita mchana na watoto wanacheza kweli. Mwalimu wetu ni kijana, ametengeneza vitu vyote mwenyewe. Koni ni chupa za maji zilizojazwa mchanga. Kamba za kuruka ni za katani. Matairi ya bodaboda yamefukiwa nusu, watoto wanaruka kwa zamu, makundi sita, hakuna anayesimama zaidi ya dakika moja. Ruzuku? Alichukua 6,000 ya chokaa ya kuchora mistari, basi.

#23 Mzee wa Samora
Nilisema!

#24 Chaki Nyeupe
Mzee usishangilie mapema. Mwana Makete, darasa lake lina watoto wangapi?

#25 Mwana Makete
Thelathini na nne.

#26 Chaki Nyeupe
Langu ni 112. Kipindi dakika 40. Kupanga mstari dakika kumi.

#27 Baba wa Namba Saba
Mzazi wa Isyesye, nadhani najua 84,000 yako ilipo. Ni UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi.

Kila mwaka kuna mashindano ngazi ya shule, kata, halmashauri, mkoa, taifa. Kila ngazi nauli, maji, jezi. Fungu la michezo la shule nyingi linamalizwa hapo. Silaumu, mwanangu amefaidi. 2021 mashindano yalikuwa Mtwara, naye alichaguliwa timu ya mkoa. Alirudi na traksuti ya bluu, akalala nayo wiki nzima. Leo anacheza timu ya vijana.

Ila nikifikiria, shuleni kwao walikuwa watoto 900. Pesa ya michezo ya mwaka ule ilimbeba mwanangu na wenzake kama kumi na mmoja hivi. Wale wengine 888 walipata nini? Walituimbia tulipopanda gari.

#28 Likungu la Asubuhi
Kwa hiyo unataka UMITASHUMTA ifutwe? Ilishafutwa miaka ya mwanzo ya 2000 na tukalia wote mpaka ikarudi. Bila mashindano vipaji vitaonekana wapi? AFCON 2027 inakuja kwetu na Kenya na Uganda, tutapeleka nani?

#29 Baba wa Namba Saba
Sijasema ifutwe. Nimesema elimu ya viungo na kusaka vipaji ni vitu viwili vinavyokula sahani moja, na mwenye mkono mrefu ndiye anashiba. Mtoto wa AFCON 2027 hayuko darasa la nne sasa hivi, punguza mzuka.

#30 Binti Makambako
Na kwenye hiyo sahani wasichana hawakai kabisa. Mzazi wa Isyesye amesema wavulana kumi na kitu wanacheza na wengine wanasukana. Hao wanaosukana ni akina nani? Shule niliyosoma goli za mpira wa pete zilikuwa mbili, moja ikang'olewa ikawa nguzo ya bendera. Ukifika darasa la sita na sketi na siku zako, hakuna pa kubadilishia, unaomba ruhusa ya kukaa. Mwalimu anaona umechagua kukaa. Kama kuna ruzuku inayotaka kuboresha michezo, ianze na mlango wa choo na kaptula ndefu.

#31 Mama Wawili Tukuyu
Mwe! Hapo umesema.

#32 Risiti Halali
Mimi ni mhasibu. Hamjagusa ununuzi. Kuanzia 2023 manunuzi ya umma yanapitia NeST, mfumo wa serikali wa mtandaoni, na shule za msingi zimo. Mwalimu mkuu akitaka mipira miwili anatakiwa kuingia kwenye mfumo, apate mzabuni aliyesajiliwa, mwenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi. Yule mama anayeuza mipira kwenye meza pale Mwanjelwa hayumo kwenye mfumo. Aliyemo anauza mpira uleule na bei ina nauli, kodi na usumbufu wa kulipwa baada ya miezi. Kwa hiyo 35,000 ya Chaki Nyeupe inakuwa zaidi kabla mpira haujagusa ardhi.

Siupingi mfumo, zamani risiti zilikuwa zinaandikiwa gesti. Lakini mfumo wa kununulia lami unapotumika kununulia mpira, mwalimu mkuu anaamua bora asinunue.

#33 Chaki Nyeupe
Kwa risiti za gesti umetuchafua wengi mkuu.

#34 Risiti Halali
Wengine mlikuwa mnaandikia baa. Samahani.

#35 Mzee wa Samora
Ninyi mnaongelea mipira, uwanja wenyewe mnao? Shule moja hapa Iringa ninayoifahamu, upande wa barabara wamejenga fremu za maduka "kuongeza mapato ya shule". Kona moja ya uwanja ni saluni. Watoto wakipiga kona wanaipiga kutoka mlangoni kwa kinyozi. Kodi ya fremu inaenda wapi sijui, ila mpira sijauona.

#36 Kandambili Mguu Mmoja
Kinyozi ndiye mshika kibendera.

#37 Mlingoti Mrefu
Turudi kwenye pesa. Mnjombe kasema wenzetu walitumia tozo ya soda. Sisi bajeti ya 2021/22 ilielekeza asilimia 5 ya kodi ya kubashiri matokeo ya michezo iende Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Pesa hiyo ipo na imesaidia timu za taifa. Swali ni kwa nini mfuko kama huo usitenge hata kidogo kwa shule za msingi, iwe na jina lake, isichanganyike na chaki na luku. Ikichanganyika, Mkuu wa Kaya ataidurufu, kasema mwenyewe.

#38 Mkuu wa Kaya
Nitaidurufu.

#39 Likungu la Asubuhi
Yaani vijana wa Kabwe wapoteze mikeka ya kubeti ili wadogo zao wanunuliwe mipira. Nchi yetu tamu.

#40 Kandambili Mguu Mmoja
Mimi peke yangu nimeshachangia uwanja mzima. Jumamosi Mbeya City walinichania mkeka wa timu nane dakika ya 89.

#41 Baba wa Namba Saba
Ndiyo ukome kuweka City. Weka Prisons, wale hata wakitoa sare unajua tangu asubuhi.

#42 Kandambili Mguu Mmoja
Prisons wanacheza kama wanahesabu wafungwa.

#43 Mnjombe wa Leicester
Nimewakumbuka jamani. Uwanja wa Sokoine bado mnakaa upande wa mlima kuangalia bure?

#44 Mzazi wa Isyesye
Wakuu, nimerudi. Samahani kwa ukimya, nimesoma mabandiko yote.

Leo nimeenda kumuona mwalimu mkuu, kwa upole kabisa, nimebeba na parachichi. Baba wa Namba Saba, umeotea. 84,000: nauli ya timu kwenda mashindano ya kata 60,000, maji na biskuti 24,000. Majina ya watoto yapo, saini zipo. Hakuna wizi, niseme wazi.

Nikamwomba nione vifaa. Akafungua stoo. Nyuma ya madawati mabovu kuna gunia la salfeti, ndani yake mipira minne, na si ya manailoni, ni mipira kamili, miwili haijachubuka hata. Imenywea kama chapati. Nikauliza mbona haitumiki, akasema pampu ipo ila sindano ilivunjika mwaka jana, mwezi wa nne. Nikauliza kwa nini hamkununua. Akanitazama, akasema hakuna fungu la sindano.

#45 Mzee wa Samora
Mwaka jana mwezi wa nne!

#46 Risiti Halali
Na kwenye NeST sindano moja huwezi kuiweka hata ukitaka, ataileta nani?

#47 Binti Makambako
Mipira minne, watoto themanini. Bado sitini wanasukana.

#48 Mwana Makete
Minne inatosha ukiwapanga makundi. Nikutumie picha za matairi ya mwalimu wetu?

#49 Mzazi wa Isyesye
Tuma. Sindano nimenunua mwenyewe Sido, 1,000. Mitatu imejaa, mmoja unavuja kwenye valvu. Jioni hii mwanangu amerudi goti limechubuka, ana furaha.

#50 Chaki Nyeupe
Hongera. Ila mwambie mwalimu mkuu aiandike kwenye daftari la vifaa kama mchango wa mzazi, mkaguzi akija akute sindano isiyo na asili ni hoja. Risiti ya EFD umepewa?

#51 Mzazi wa Isyesye
Nimepewa sindano.